Balozi Asiye Jiwe Wala Chui

Mapendo alirudi Lodwar mwezi uliopita, akiwa na miwani, mwana mrefu kuliko mlango, na ile sauti yake ya kuamsha mbuzi ng'ambo ya mto Turkwel. Alinikuta kwenye hoteli ninayonywea chai, akanikagua kuanzia upara hadi viatu, akasema mbele ya wateja wote, "Petro! Miye balinambia ulikufaka, kumbe ulinenepa tu!" Chai ilinipalia, nikakohoa hadi mwenye hoteli akaleta maji bila kuombwa, jambo ambalo halijatokea Lodwar tangu mji huu uanze. Yule mwana, aliyekulia nchi ya theluji na ambaye Kiswahili chake hutembea kwa magongo, akauliza kama ni kweli mama yake aliwahi kuitwa mbele ya wazee kwa kosa la kumchora mtu wa nyota nyingine akila mbuzi. Nikamwambia ni kweli kabisa, mimi nilikuwa wakili wake, na kesi ilihudhuriwa na nusu ya Turkana. "Balikuwa bazee bachache tu," Mapendo akasema. "Na weye hukukuwa wakili. Ulikuwa mushitakiwa wa pili." Sikubishana. Watu husema natia chumvi. Sitii, kwetu joto ni kali, chumvi hujitokeza yenyewe.

Tulikaa pale mpaka chai ikawa chakula cha mchana, na tangu siku hiyo mwaka ule umekataa kunitoka kichwani, ule uliomaliza 2012 na kuingia 2013. Habari za ukoo wangu nitaziruka, maana nani alimzaa nani ni hadithi ambayo kila mtu anayo na hakuna anayeisoma. Itoshe kujua kwamba nilikuwa Mturkana niliyelelewa Kitale, nikarudi Lodwar na ndevu zangu, Kiturkana changu kikiishia kwenye salamu ya "ejok" na majina ya vyakula, na nilikuwa nimeapa kumaliza kidato cha nne hata kama nitaingia chumba cha mtihani na mkongojo. Mchana nilifanya kazi kwa Mama Halima, Msomali mwenye duka Lodwar na jingine Kakuma, maduka yaliyouza kila kitu isipokuwa mvua. Jioni, Jumatatu hadi Alhamisi, nilisoma katika darasa la watu wazima kwenye shule moja ya msingi. Ijumaa nilipanda lori la mizigo ya Mama Halima hadi Kakuma, nikakaa huko mwisho wa juma nikiuza na kuendesha mashine yake ya kutoa kopi, mashine iliyokuwa na homa kuliko wagonjwa wote wa wilaya.

Darasa lile la jioni nalikumbuka kwa magoti. Madawati yalikuwa ya watoto wa darasa la pili, nasi tulikuwa askari, madereva, mama wa kuuza samaki wa ziwani, na mimi, kwa hiyo kila mtu alisoma magoti yakiwa karibu na masikio. Mwalimu Nafula, mama kutoka Bungoma aliyetufundisha Historia na Serikali, hakuamini kwamba utu uzima ni udhuru. Jioni moja alitupa swali tueleze faida za uhusiano wa kidiplomasia kati ya mataifa. Neno hilo lilinishinda. Nikaona heri nilieleze kwa mfano, nikaandika jinsi balozi kutoka sayari iliyokaukiwa maji anavyotua Kakuma kuomba maji, na jinsi serikali inavyoshindwa kuamua kama ni mgeni, mkimbizi, mwekezaji au mtalii. Mwalimu Nafula alisoma amesimama, kisha akaketi, kisha akatoa leso. "Petro," akasema, "nimekuomba faida tano, wewe umenipa sayari. Hili si jibu." Darasa likacheka hadi taa ya sola ikayumba. Yeye akainama karibu na dawati langu, akauliza kwa sauti ya chini, "Lakini niambie, mwishowe walimpa maji?"

Sikujua. Ndiyo maana niliibeba insha ile hadi Kakuma, na ndiyo maana ilikuwa mezani siku Mapendo alipokuja kupaka rangi ukuta wa duka. Alikuwa Mkongomani aliyeishi na mdogo wake katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na mikono yake ilijulikana mji mzima. Kila kinyozi na kila hoteli yenye picha ya kuku anayetabasamu, ni yeye. Ngamia aliyemchorea Mama Halima alikuwa na uso wa mtu anayewania ubunge. Akisubiri rangi ikauke, alisoma insha yangu midomo ikicheza. "Huyu mutu wa juu," akaniuliza, "miguu yake iko ngapi?" Nikamwambia sijafikiria. Alinitazama kama mtu aliyeona jambazi. "Uliandika mutu muzima bila kujua miguu yake? Sasa atatembea na nini? Na ile diplomasia yako?" Akachukua penseli. Kabla chai haijaisha balozi alikuwa na miguu mitatu, shingo ya mbuni, madoa mgongoni, na chombo cha angani chenye umbo la ekicholong, kile kigoda kidogo cha mti ambacho mzee wa Kiturkana hukalia mchana na kulaza kichwa juu yake akichoka. Nikakiangalia kigoda kile kinavyoshuka kutoka mawinguni, nikajua kwamba maisha yangu ya kuuza betri na sabuni yamepata mshindani.

Tukaigeuza insha kuwa katuni, tukaifanyia kazi chumba cha nyuma, kati ya magunia ya mchele na mashine ya kopi. Mama Halima alikuwa na sheria moja, kwamba hakuna mtu kushika penseli tumbo tupu. Asubuhi alileta anjera, ile mikate laini ya Kisomali, na maini, na chai ya iliki tamu hadi meno yanapiga saluti. Jumapili Mapendo alileta ugali na sombe ya majani ya muhogo, akituonya tusiite mchicha. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa mabati, na upande wa pili madereva wa malori yanayokwenda Lokichoggio na Nadapal, mpakani na Sudan Kusini, walikaa kivulini kunywa chai na kuendesha nchi. Mwaka ule wa uchaguzi nchi iliendeshwa sana. Kulikuwa na vyeo vipya, gavana, seneta, mwakilishi wa wadi, na hakuna aliyejua vinafanya nini, ila kila mtu alijua nani anafaa. Mafuta yalikuwa yamepatikana ardhini, na kila dereva alikuwa tayari ameyagawanya. Sisi tuliweka sikio kwenye bati na kuandika. Nasema bila haya kwamba kila waziri katika katuni yetu alinena maneno ya dereva. "Mgeni akija na gari kubwa, hiyo ni mwekezaji," mmoja alisema. "Akija na miguu, hiyo ni mkimbizi." "Na akija na ndege?" "Hiyo ni NGO, bwana, kwani wewe umezaliwa jana?" Mapendo alicheka hadi ikabidi Mama Halima amfunike mdomo. "Waryaa, nyamazeni, wakisikia watahama, na mimi nimeshapika chai!"

Kwa hiyo katika toleo la kwanza balozi anatua kwenye mchanga wa laga ya Tarach, ule mto mkavu, na anaulizwa kitambulisho, lokesheni na jina la chifu wake. La pili linampeleka Nairobi, wizara ya mambo ya nje inamtuma kwa wizara ya maji, ya maji inamtuma kwa ya utalii, na ya utalii inampiga picha. La tatu linamrudisha Turkana, ambapo wagombea wanamkimbilia. Mmoja anamwahidi wadi yake mwenyewe, mwingine anauliza kama chombo chake kinatumia mafuta, na kama hakitumii, kinaweza kuyabeba? Tulitoa kopi, tukabandika nakala moja kubwa ukutani kando ya ngamia, na Jumamosi nikawa nasoma kwa sauti. Umati! Mkia wake ulivuka mpaka ukaombwa pasipoti Nadapal. Wafuasi wa mgombea huyu waliapa kwamba balozi ni mtu wao, wafuasi wa yule wakaapa vilevile, na vijana wa kambini walisema nyote mnaota, huyo ni sisi, hamwoni foleni? Nikiangalia nyuma naona kwamba hapo ndipo nilipojifunza kusimama mbele ya watu. Mwalimu Nafula alinipa cheti, lakini sauti niliipata kwenye ukuta ule, na mpaka leo sijairudisha.

Toleo la nne ndilo lililotuangusha, na tuliliona kuwa bora kuliko yote. Balozi, amechoka na wizara, anakaribishwa kula nyama na wazee. Mapendo alikuwa ameona kwa mbali wanaume wakila kwenye akiriket, ile nusu duara ya kuchomea nyama, akaichora vizuri, wazee, mikuki, moshi. Kwa heshima akamweka balozi katikati kabisa, peke yake, amekabidhiwa paja la nyuma. Aliniuliza, "Iko sawa hivi?" Na mimi, Mturkana mzima, mtoto wa Kitale aliyekula nyama yake buchari kwa uma, nikasema, "Sawa kabisa, mgeni hukaa katikati." Sijawahi kusema jambo kwa uhakika zaidi.

Jumamosi ile nilipofikia picha hiyo, kicheko kilizima kama mshumaa. Kijana mmoja mbele akauliza, "Huyu ni Jiwe ama ni Chui?" Mwingine akajibu, "Si kitu. Amekaa mahali hakuna mtu hukaa, na amekula paja ya wazee." Kwa asiyejua, kila mwanamume wa Kiturkana ni Jiwe au ni Chui, na hachagui. Baba akiwa Jiwe, wanawe wote ni Chui; baba akiwa Chui, wanawe ni Mawe. Kwenye nyama, Mawe hukaa upande wao na Chui upande wao, kila mtu kwa umri wake, na paja la nyuma ni la wakubwa. Asiye na upande hana mahali pa kukaa, na asiye na mahali pa kukaa akila, amenyang'anya. Kabla ya jioni maneno yalikuwa yameota miguu mingi kuliko balozi, kwamba yule mwanamke wa kambini amechora jinsi wageni watakavyomeza nyama ya wenyeji, na nchi baada ya nyama. Wiki ile sikurudi Lodwar darasani, na Jumatatu wateja wa Mama Halima walipita kama duka lina ndui. Chifu akaja mwenyewe, akasema katuni isimame, na Mapendo asichore ukuta wowote mjini hadi wazee waseme.

Mama Halima alivumilia kwa kupika zaidi. Mapendo hakula. Alikaa juu ya gunia, mikono mapajani, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona bila penseli. "Kule kambini niko namba, Petro," alisema. "Huku kwa ukuta njo niko Mapendo. Bakinifungia ukuta, mudogo wangu atakula nini, na miye nitakuwa nani?" Nikamwambia asijali, nitazungumza na wazee. "Na Kiturkana gani?" akauliza. Nikamwambia diplomasia haihitaji lugha. Alinitupia chapati.

Wazee walituita asubuhi kwenye mchanga wa laga, kila mmoja juu ya kigoda chake, Mawe upande huu na Chui upande ule, na katikati ile karatasi yetu imewekewa vijiwe isiruke. Chifu alitafsiri, na pale alipochoka nilijaza mwenyewe. Aliyekasirika kuliko wote alikuwa Mzee Lomuria, Jiwe, mwembamba kama mkuki wake. Baada ya ejok na kujibiwa ejok, alinyoosha fimbo hadi kwenye pua ya balozi.

"Huyu ni nani?"

"Ni balozi, baba," nikasema.

"Sijauliza kazi yake. Nimeuliza ni nani."

Nikasimama. Nikatoa hotuba ambayo Mwalimu Nafula angeilia machozi, kinga ya balozi, heshima kati ya mataifa, na kwamba balozi kwa kawaida hana upande. Chifu alitafsiri yote kwa maneno machache mno, nikamshuku. Mzee Lomuria akasikiliza hadi mwisho. "Mtu hana upande," akauliza, "hula wapi?" Nikakaa. Mchanga ulikuwa moto, lakini uso wangu ulikuwa moto zaidi.

Ndipo Mzee Ekal, Chui, mcheshi mwenye tumbaku nyuma ya sikio, akainama juu ya karatasi. "Mbona mnasumbuka? Angalieni mgongo. Ako na madoa. Huyu ni Chui."

"Madoa ya kuzaliwa ama ya ugonjwa?" Mzee Lomuria akafoka. "Angalia kichwa. Hicho kichwa ni jiwe."

"Kichwa yako pia ni jiwe, na hatujasema kitu!"

Mawe wakasimama, Chui wakasimama, na fimbo zikaanza kuonyesha miguu, shingo, hadi kile chombo cha angani. Hasira ilikuwa imebadilika bila kuaga. Walipofika walitaka kujua kwa nini mgeni yule yupo. Sasa walikuwa wanagombania awe wao. Mwishowe Mzee Lomuria akapiga kigoda chake kwa fimbo. "Mtu hajulikani kwa ngozi. Mtu hujulikana kwa baba. Baba yake ni nani?" Akamgeukia Mapendo, na wote wakamgeukia.

Mapendo alikuwa amekaa chini, kanga imemzunguka magotini. Hakuinua macho. "Baba yake alibakiaka kule," akasema. "Sikumuchora. Hakuweza kutoka."

Chifu aliitafsiri taratibu, neno kwa neno, na safari hii hakupunguza.

"Basi apewe baba hapa," Mzee Ekal akasema. "Jiwe mmoja amchukue." Akatabasamu kwa meno yote aliyobakiwa nayo, na Chui wenzake wakaunga mkono haraka mno. Mawe wakafikiri kidogo, kisha wakalipuka. "Mwaona ujanja wa huyu mtu? Jiwe akimzaa, mtoto ni Chui! Chui mmoja amchukue!" Chui wakarusha mikono. "Aa, wapi! Tumchukue sisi ndiyo aende kwenu?" Hapo ndipo nilipoielewa diplomasia, enyi wasomi, baada ya miezi yote ya magoti masikioni. Anayetaka kuwa baba wa mgeni, lazima amtoe kwa upande wa pili. Na anayemtaka upande wake, lazima amkubalie mpinzani awe baba. Walibishana hadi kivuli cha ukingo kikahama kutoka kwa Mawe kwenda kwa Chui, na hakuna aliyekubali kuzaa.

"Nichore," Mzee Lomuria akamwambia Mapendo.

Chifu alidhani amesikia vibaya. Mzee akarudia. "Mimi ni baba yake. Mimi ni Jiwe, kwa hivyo yeye ni Chui, akae kule kwa hawa wezi. Baba hakai na mtoto wake kwa nyama. Anakaa ng'ambo, anamwangalia usoni, anaona kama anakula na adabu. Na hiyo paja irudi kwa wazee. Yeye bado kijana, apewe ubavu." Akafikiri. "Jina lake Ekuwam. Si alikuja na upepo?"

Mzee Ekal aligonga mapaja kwa furaha, akimkaribisha mwana mpya kwa Chui wote wa Turkana. Chifu, mtu wa utaratibu, akakohoa. "Na huyu mama wa rangi, baba? Arudi kwa ukuta ama akae kambini?"

Mzee Lomuria alimtazama kama mtu aliyeuliza kama jua litachomoza. "Sasa uso yangu atachora nani? Wewe?"

Mapendo alimchora palepale, nami nikimshikia kifutio. Mama Halima alipopata habari alifungua duka, akafungua mitungi ya chai, akafungua na kinywa, na wateja wote waliokuwa wamepita kando walisikia majina yao.

Kuanzia hapo Mzee Lomuria alikuja kila Jumamosi na kigoda chake, akakaa mbele kabisa ya ukuta. Hakujua kusoma na hakutaka kusomewa. Umati ulicheka mawaziri, ukawazomea wagombea, ukabishana juu ya gavana. Yeye alisubiri nimalize, kisha akauliza swali moja tu. "Amekula?" Nami nikajibu, "Amekula, baba," naye akaenda zake.

Wiki ya kabla ya kura tulibandika toleo kubwa kuliko yote, mkutano wa mataifa, meza ndefu kama barabara ya Lokichoggio, vipaza sauti, bendera, na Ekuwam amesimama hatimaye kudai maji mbele ya wakubwa wote wa dunia. Nilisoma hadi sauti ikakwaruza. Watu walipiga makofi. Mzee Lomuria akauliza, "Amekula?"

Nikatazama picha. Kulikuwa na mikataba, kulikuwa na marais, kulikuwa na maua mezani. Chakula hakikuwepo. Nilifungua mdomo niseme lolote, na naamini ningepata la kusema, lakini Mapendo alikuwa ameshanipita. Alichukua kalamu, akapanda juu ya kreti ya soda, na kati ya vipaza sauti, mbele ya balozi, akachora chombo cha maziwa kilichojaa hadi mdomoni, kisha akakunja mkono mmoja wa Ekuwam ukakishika.

Mzee alisogeza kigoda karibu.

"Haya," akasema. "Sasa anaweza kuongea na serikali."